KIDUDE CHA SH. 15,000 KILIVYOTAKA KUUZISHA TEKSI YA SHEMEJI

Mimi huku Nyanda za Juu Kusini nipo, nimevaa masweta mawili na soksi juu ya soksi. Kama wewe ni mtu wa Dar unayelalamikia kibaridi cha mwezi wa 7, nakuomba unyamaze kwanza. Njombe si mahali pa mchezo. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai kuna asubuhi unaamka unakuta majani yote meupe kwa barafu, utadhani kuna mtu kapita usiku anamwaga sembe. Watu wanaota moto, wauza chai ya tangawizi wanachekelea, na magari mazee yanagoma.

Na hayo magari ndiyo nataka kuyaongelea leo. Najua safu hii mmeizoea kwa mambo ya mitindo na vituko vya wapenzi, lakini niamini, hii nayo ina mapenzi ndani yake, maana ndoa ya dada yangu ilishaanza kununa kwa sababu ya petroli.

Iko hivi. Shemeji yangu anaendesha teksi. Mchuma wenyewe ni Corolla AE100 ya mwaka 1994, yenye ile injini ya 5A-FE ya cc 1,498. Limenizidi umri, na bado linaamka kwenda kazini kabla yangu. Dada alikopa kwenye VICOBA yao, wakaongezea hela ya viazi, wakalinunua. Kazi yake ni kupeleka watu Makambako na kurudi, kama kilomita 60 kwenda na 60 kurudi. Makambako, kwa asiyepajua, ndiko barabara ya Songea inapokutana na ile kuu ya Dar kwenda Mbeya, na stesheni ya TAZARA iko hapo hapo. Kwa hiyo abiria hawakosekani, usiku na mchana.

Zamani safari nzima ya kwenda na kurudi ilikuwa inakula lita 10. Shemeji ni mtu wa daftari, anaandika kila kitu. Mara daftari likaanza kusema lita 11, mara 12, mwisho likafika 14. Piga hesabu mwenyewe: lita 4 za bure kila safari, safari 2 kwa siku, siku 6 za wiki. Hizo ni lita 48, yaani karibu tangi zima, kwa sababu tangi la gari hilo linachukua lita 50. Kila wiki alikuwa anamwaga tangi zima chini! Na VICOBA siku ya marejesho hawataki kusikia habari za injini.

Dalili nyingine zilikuwa za ajabu ajabu. Asubuhi, pamoja na baridi lote lile, gari linawaka bila matata. Kasheshe linaanza likishapata moto. Anafika Makambako, anazima, abiria wanashuka, anakunywa chai dakika 10, akirudi kupiga stata... nye nye nye nye, kimya. Mpaka akanyage mafuta mpaka chini ndipo linakohoa na kuwaka, halafu moshi mweusi pyuuu nyuma, na harufu ya petroli mbichi mpaka wauza mahindi wanaziba pua. Na likishawaka, sailensi haitulii. Inapanda, inashuka, inapanda. Ukisimama kwenye foleni, gari linatetemeka kama lina homa.

Basi mafundi wakaanza kazi. Mimi mwenyewe nilikuwa naenda na shemeji gereji, na nikwambie ukweli, fundi hata siku moja hakunijibu mimi. Namuuliza mimi, anamjibu shemeji. Wa kwanza akafungua plagi, akazikuta nyeusi tii, zimejaa masizi. "Plagi zimekufa hizi, bosi." Zikanunuliwa 4 mpya, sh. 40,000. Wiki moja, nazo nyeusi. Wa pili akasema nozeli zimechafuka, akasafisha, sh. 60,000. Wa tatu akasema pampu ya mafuta imechoka, akaweka ya mtumba kwa sh. 90,000. Ukijumlisha na hela za ufundi, sh. 70,000, ni sh. 260,000 zimeteketea, na daftari bado linasema lita 14.

Sasa mimi nina swali la kijinga. Kama pampu imechoka, si ina maana mafuta yanafika machache? Sasa mbona gari linanuka petroli na kutoa moshi mweusi, ambayo ni dalili ya mafuta kuzidi? Nikauliza. Fundi akamgeukia shemeji akamwambia, "Bosi, leta na fyuzi."

Hapo ndipo dalali akaingia mjini. Madalali wananusa shida kama fisi. Akatoa ofa ya milioni mbili na nusu, taslimu, Jumamosi asubuhi. Bei ya kutupa kabisa! Lakini shemeji alikuwa amechoka, na dada amechoka zaidi, na ule usiku nikawasikia wanaongea kwa sauti ile ya chini ambayo watu wazima wanadhani haisikiki. Waliuze, walipe deni, warudi kwenye viazi. Ilikuwa Jumanne.

Jumatano nikamsindikiza shemeji Makambako. Likagoma kama kawaida, na safari hii abiria mmoja alikuwa mzee ambaye hakukasirika kama wengine. Akatwambia kuna fundi wa umeme wa magari, mtu mzima, yuko nyuma ya maduka ya spea, zamani alikuwa anashughulika na malori. Tukasukuma mpaka huko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Kamwene." Hapo akanitazama mimi. Nami nikaitikia, "Kamwene," moyo ukapoa kidogo. Halafu mzee akafanya kitu ambacho hakuna fundi hata mmoja alikuwa amekifanya. Hakushika spana. Akavuta kigoda, akauliza maswali. Asubuhi linawaka? Likiwa na moto? Mafuta lita ngapi? Mshale wa temperecha unasimama wapi? Shemeji akamwambia unasimama katikati, siku zote, haujawahi kuwa na tatizo.

"Haya. Themostati ipo au mlishaing'oa?"

Hilo swali, msomaji, lishike. Mafundi wetu wengi, gari likichemka tu, wanang'oa themostati na kuitupa. Hicho ni kilango kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Ukiking'oa huku kwenye baridi, injini inatembea ya baridi siku nzima, na injini ya baridi inakunywa mafuta mengi. Kwa hiyo kabla hujamlaumu mtu yeyote kwamba anasema uongo kuhusu joto, hakikisha joto lenyewe lipo! Mzee akasubiri injini ipoe, akaliwasha tena, akaniambia nishike bomba la juu la rejeta, mbali na feni. Likawa la baridi kwa dakika kadhaa, halafu ghafla likawa la moto mpaka nikatoa mkono. "Ipo, na inafanya kazi," akasema. "Basi gari lina joto lake. Kuna mtu anaficha."

Anayeficha ni nani? Hapa nitakupa shule kidogo, usikimbie. Magari ya kabureta mafuta yalikuwa yanavutwa tu na hewa. Haya ya nozeli yana kontroboksi, kompyuta ndogo inayoamua nozeli zifunguke kwa muda gani. Yenyewe imejifungia ndani, haioni wala haigusi kitu, inategemea kuambiwa na sensa: hewa inayoingia ni kiasi gani, mguu umekanyaga kiasi gani, maji ya injini yana joto gani. Ikiambiwa maji ni ya baridi, inaongeza mafuta na inapandisha sailensi, kwa sababu injini ya baridi haiwaki vizuri bila kupewa zaidi. Ikiambiwa maji yamepata moto, inapunguza.

Sensa ya joto la maji ni kidude cha shaba kinachoenea kiganjani, ndani yake kuna kipande ambacho ukinzani wake unapungua kadiri joto linavyopanda. Ukinzani! Mnakumbuka Fizikia ya sekondari, sheria ya Ohm? Mimi niliyoikariri kwa ajili ya mtihani tu, sikutegemea tungekutana tena Makambako kwenye tope. Kontroboksi inatuma volti 5, inaangalia zinazobaki, inajua joto. Kwa Toyota za aina hii, maji yakiwa nyuzi 20 sensa inatakiwa isome kati ya omu 2,000 na 3,000. Yakifika nyuzi 80, inatakiwa ishuke mpaka kati ya omu 200 na 400.

"Lakini mzee," shemeji akadakia, "mshale si uko sawa?"

Mzee akacheka. Akatuinamisha chini ya boneti, akatuonyesha kwa bisibisi. Kuna vidude VIWILI, jirani kabisa, kama mapacha. Kimoja kina waya mmoja tu, kazi yake ni kupeleka habari kwenye mshale wa dereva. Kingine kina soketi ya waya mbili, hicho ndicho kinachoongea na kontroboksi. Hawajuani! Wa dereva anaweza kusema kweli kutwa nzima huku mwenzake anadanganya, na wewe ukitazama mshale unaona mambo shwari. Mafundi wote watatu walitazama mshale wakaondoka.

Injini ikiwa bado inanguruma, ya moto, sailensi inacheza, mzee akachomoa ile soketi ya waya mbili. Hapo hapo taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Na hapo hapo, msomaji, gari LIKATULIA. Shemeji akaniangalia, nikamwangalia.

Sababu yake tamu. Kontroboksi ya Toyota ikikosa kabisa habari za sensa hii, haichanganyikiwi. Inawasha taa, halafu inajiambia tuchukulie tu maji yana nyuzi 80. Na kwa kuwa injini ilikuwa ya moto kweli, makadirio hayo yalikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko ile sensa iliyokuwepo. Yaani bora asiyesema kitu kuliko huyo aliyekuwa anasema.

Ndiyo maana pia taa haikuwahi kuwaka miezi yote ile. Sensa iliyokatika kabisa inakamatwa, lakini inayotoa jibu linaloingia akilini, japo la uongo, inaaminiwa. Inasema nyuzi 20 na kitu, na nyuzi 20 ni joto la kawaida tu duniani, kontroboksi itajuaje? (Ingekuwa imekatika kabisa, hadithi ingekuwa kinyume: likiwa la moto linakwenda poa, halafu asubuhi ya barafu kule Njombe linagoma kuwaka kwa sababu kontroboksi inadhani maji yana nyuzi 80 na inalinyima mafuta. Dar mwenye gari angeweza kukaa na ugonjwa huo mwaka mzima bila kujua, huku angelia siku ya kwanza.)

Kutuonyesha, mzee akachukua kipande cha waya akaunganisha matundu mawili ndani ya kile kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS chini ya boneti, TE1 na E1. Akafungua swichi bila kuwasha injini. "Binti, hesabu hiyo taa." Ikapepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mara mbili tena. Mbili na mbili, 22. Kwa Toyota za kale, 22 ni sensa ya joto la maji. Kama hakuna kosa lolote taa inapepesa tu mfululizo bila kupumzika. Bure kabisa, waya mmoja! Vile vimashine vya kusomea vinavyouzwa siku hizi kwa hili gari havina kazi, maana ule mtindo wa soketi moja kwa magari yote Wamarekani waliulazimisha kwao kuanzia magari ya mwaka 1996, na Corolla letu ni la Japani, la 1994.

Lakini ile 22 mzee aliitengeneza mwenyewe kwa kuchomoa soketi, kwa hiyo haikutosha kuwa ushahidi. Akazima, akachukua mita ya umeme, akagusisha kwenye miguu miwili ya sensa yenyewe. Maji ya moto, mkono hauwezi kugusa. Mita ikasema omu 2,100. Ilitakiwa iwe 300 hivi! Akakagua na soketi kama ina kutu ya kijani, kwa sababu kutu nayo inaongeza ukinzani na watu hununua sensa bure. Soketi ilikuwa safi, waya nazo nzima mpaka ndani.

"Huyu ndiye mwizi wenu," akasema.

Kupata nyingine, kimbembe. Duka la kwanza wakatuletea boksi zuri linameta, lakini ndani kile kidude cha waya mmoja, cha mshale. Ukienda kichwa kichwa unakinunua. Duka la pili, la spea za mtumba, jamaa akamwaga sensa 3 kwenye kaunta, zote zimetolewa kwenye injini za Japani, anasema zote nzima. Nikamwambia tunazipima. Akasema kwake ukijaribu umenunua. Nikamwambia sawa, hela ninayo mimi, na duka la tatu liko pale. Akalegea.

Jirani kulikuwa na mama lishe. Nikaomba kikombe cha maji ya moto, akanipa huku anacheka, akijua nataka chai. Mzee akashika waya za mita, mimi nikawa nazamisha, miguu ya sensa ikibaki juu, kavu. Ya kwanza, baridi 2,700, kwenye maji ya moto ikaanza kushuka... 1,500... 900... ikagota 950 hata tulipobadilisha maji. Ya pili haikusoma chochote, imekatika. Ya tatu ikaanza 2,600, ikaporomoka vizuri mpaka 290. Watu walishajaa, kuna mmoja alidhani tunauza dawa. Jamaa wa duka, kimyaaa. Sh. 15,000.

Kuifunga ni kazi ya dakika chache, ila injini lazima iwe imepoa, la sivyo utaungua, maana kidude kinakaa ndani ya njia ya maji. Mfuniko wa rejeta ukafunguliwa kwanza ili kusiwe na presha. Spana ya 19, ya zamani ikalegezwa, mpya ikiwa mkononi na wasa yake, kutoa na kuweka haraka. Tulipoteza maji kama kikombe kimoja. Mzee hakuikaza kwa nguvu za kijana. Alikaza ikakaa, basi, kwa sababu nyuzi za shaba zikikatika ndani ya aluminiamu hapo ndipo utalia kweli. Akaongeza kulanti, si maji ya bomba, akisema barafu la kwenu haliwezi maji matupu. Likawashwa mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yakaisha. Mwisho akachomoa fyuzi ya EFI ya ampea 15, akahesabu mpaka 30 kimoyomoyo, akairudisha, 22 ikafutika. Ufundi sh. 20,000, kulanti 15,000. Jumla ya mchezo mzima, sh. 50,000.

Tukanywa chai makusudi, dakika 10. Shemeji akaenda kupiga stata, nikaona midomo yake inatikisika kama anasali. Liliwaka kabla hajamaliza kugeuza ufunguo.

Alhamisi daftari likasema lita 10 na nusu. Ijumaa, 10. Akafungua plagi mwenyewe kuangalia, masizi yameanza kuungua, rangi inaelekea kahawia kama inavyotakiwa. Dada akampikia shemeji kuku siku ya Ijumaa, mambo mengine sitaandika.

Jumamosi saa 4 asubuhi dalali akafika na hela zake kwenye bahasha. Nikamwambia gari limeenda Makambako na abiria wanne, arudi saa 8 kama anataka kupanda, nauli anaijua. Akasimama pale mlangoni kidogo, akakuna kichwa. Halafu akaniuliza huyo mzee wa Makambako anapatikana wapi, eti na yeye Carina yake siku hizi inabwia mafuta, likipata moto haliwaki. Nikamwelekeza nyuma ya maduka ya spea, na nikamwambia akifika aanze na shikamoo.